Vyuma Nilivyovitia katika Nguzo ya Mwalimu

Andika kwanza walionizaa. Baba yangu alizaliwa Luvungi, katika uwanda wa Ruzizi, mwana wa mkulima wa mihogo. Mama yangu alizaliwa Runingu, na huko huko akazikwa, hatua chache kutoka pale kitovu chake kilipoangukia. Majina yao unayajua, usiyaandike. Usiandike jina la mtu yeyote katika habari hii, wala langu. Nimeishi miaka ambayo jina likiisha kuandikwa kwenye karatasi, mwenye jina alitafutwa.

Mimi sikusoma. Umri ambao wenzangu walipelekwa darasani, baba alinipeleka mtoni kuchagua mawe, kwa kuwa aliacha jembe akawa mwashi, naye alitaka mkono wa pili. Nilijifunza kulitambua jiwe lenye ufa kwa kuligonga na kusikiliza. Wewe mjukuu wangu uliyesoma, yaweke maneno yangu katika Kiswahili cha vitabu, kwa maana habari yenyewe ni nzito na haifai kuvaa matambara. Lakini watu waliosema, waache waseme kama walivyosema. Na usipambe. Nikikuambia sikulia, usiandike kwamba nililia.

Nataka uandike habari ya kile kisiki cha zege kilicho nyuma ya nyumba ya mwalimu, Kasenga. Watoto wa mtaa husema ni kaburi. Si kaburi. Ilikuwa nguzo ya darubini. Mimi niliijenga, mimi nikaitwa kuivunja, na kwa ajili ya kitu nilichokificha ndani yake mtu mmoja alichukuliwa akiwa mzima.

Mwalimu huyo alifundisha jiografia katika shule ya sekondari kwa miaka mingi. Alikuwa mjane, akiishi na binti yake mmoja, ambaye tayari alikuwa mwanamke mzima mwenye biashara yake ya ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, sokoni. Darubini haikuwa yake. Ilikuwa ya padri mzee, mgeni, rafiki yake wa kubishana. Vita vya kwanza vilipotukaribia, padri alivuka ziwa, na katika boti hapakuwa na nafasi ya bomba refu la chuma. Akamwachia mwalimu. Mwalimu alilifunga kwa mikeka, akalilaza chini ya kitanda, na risasi zikapita juu ya nyumba yake bila kuligusa.

Vita vile vilipotulia, kabla ya kuja vya pili, ndipo aliponiita. Jua lilikuwa limetoka kuzama, na mwezi mchanga ulikuwa juu kidogo ya milima. Bomba lilisimama uani juu ya miguu mitatu ya mbao iliyoliwa na mchwa. Akaniambia nitie jicho. Niliona mwezi una mashimo kama barabara ya Luvungi baada ya mvua, ila ulikuwa ukirukaruka, hautulii.

"Mwalimu," nikamwambia, "mwezi yako iko na homa."

"Mwezi haiko na homa, fundi. Miguu ya hii kintu njo inatetemeka. Nataka unijengee muguu moja tu, lakini ile haitatetemeka hata siku moja."

Alinieleza alichokitaka kwa fimbo, akichora mchangani. Shimo lifike kifuani mwangu. Chini liwe pana, juu nguzo iwe nyembamba. Kichwa cha nguzo kisiwe bapa, kiwe mteremko kama paa. Nilimuuliza kwa nini. Alisema kifaa kilitengenezwa kwa nchi za padri, ambako anga huzunguka juu ya mhimili uliosimama kama ngazi ukutani. Kwetu mhimili huo umelala, karibu sawa na maji ya ziwa, ukielekea kusini. Lazima kifaa chote kiinamishwe ndipo kifuate nyota za kwetu. Alinipa ubao alioukata mwenyewe uwe kipimo cha mteremko. Sikuelewa mhimili, lakini ubao niliuelewa.

Jambo la mwisho alilotaka ndilo lililonikera. Alisema nguzo itakuwa katikati ya kibanda chenye sakafu, lakini sakafu isiiguse nguzo. Mimi nimefundishwa kufunga kitu na kitu. Ardhi yetu ya Kasenga ni mchanga na mawe yaliyoshushwa na mito. Mvua kubwa hubeba nyumba, na ardhi yenyewe hutikisika mara kwa mara. Ukuta usioshikana na sakafu hauishi. Nilimjibu ndiyo, na moyoni nikasema nitajenga kama baba alivyonifundisha.

Saruji ilipatikana, ilishushwa bandarini Kalundu kutoka kwenye meli. Kokoto tulikuwa nazo. Bibi yako aliketi wiki nzima kando ya mto akiponda mawe, kitambaa kimefungwa puani. Vyuma ndivyo vilivyokosekana. Barabara ya Bukavu ilikuwa ya hatari, na mpaka wa Bujumbura ulifunguliwa na kufungwa kama mlango wa choo cha soko. Mwalimu alisema tungoje. Hapo mimi, kwa kiburi changu cha ufundi, nikasema sitangoja, vyuma nitavipata.

Nilijua viliko. Mjomba wangu, ndugu ya mama yangu, alikuwa akilima Runingu. Wanajeshi walioshindwa katika vita vya kwanza walipokimbia, walitupa bunduki katika matete na mashamba, na kwa miezi mingi jembe la mtu halikukosa kugonga chuma. Mjomba alikuwa na saba. Alizifukia chini ya rundo la magugu, na alikuwa hapati usingizi.

"Mujomba, zipeleke kwa bakubwa," nilimshauri.

"Weye unaota? Jirani yangu alipeleka moja. Balimuuliza, na zile ingine ziko wapi? Ingine haikuwa. Balimupiga mpaka akaanza kuzitafuta mu akili yake."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika uwanda wetu, mjukuu wangu. Bunduki uliyoiokota hukuweza kuirudisha, hukuweza kukaa nayo, wala kuitupa mtoni mchana. Watu walizitia vyooni. Mimi nikawaza hivi: nitazitia katika zege. Nitampunguzia mjomba mzigo, nitampa mwalimu nguzo isiyopasuka, na bunduki saba zitakufa na hazitaua tena. Niliona ni akili kubwa. Hakuna aliyenituma.

Tulizivua mbao tukazichoma. Maharage ya siku ile yaliiva kwa mbao hizo. Vyuma vidogo tulivitia chooni. Nikabaki na mitutu saba mitupu. Niliifunga katikati ya mzigo wa vijiti vya muhogo, vile vya kupanda, nikaupakia kwenye baiskeli, nikausukuma hadi mjini. Kwenye kizuizi askari mmoja alinisimamisha.

"Muzee, unaenda kupanda muhogo mu mji?"

"Mu mji batu bananenepa kwa hewa, kamanda?"

Akacheka, akaniachia. Nilifika nyumbani mgongo umelowa. Bibi yako alipofungua mzigo, alisimama akaniangalia.

"Baba ya batoto, sasa weye unapanda bunduki?"

"Ninazizika."

"Maiti inazikwaka kwa boma ya mwenyewe. Haizikwake kwa jirani bila kumuambia."

Nilimwambia aendelee na kokoto zake. Andika hivyo, kwamba nilimwambia aendelee na kokoto zake.

Siku ya kumimina zege nilifika mapema kuliko kawaida. Mitutu niliiunganisha kwa waya, sita kuzunguka na mmoja katikati, nikaifunika kwa gunia mpaka mbao za kufungia zege ziliposimama. Mwalimu alitoka na kikombe cha chai mkononi.

"Fundi, vyuma ulipata?"

"Nilipata."

"Ya wapi?"

"Ya zamani."

Aliridhika. Alikuwa mtu wa kuuliza maswali elfu juu ya nyota, na juu ya kazi ya mikono alimwamini fundi. Akavua viatu, akakunja suruali, akaanza kunichotea maji. Majirani walisimama kwenye ua wakitazama.

"Mwalimu, weye unajenga kanisa ya muntu moja?"

"Najenga kiti," aliwajibu. "Mugeni wangu ni muzito, na hapendi kiti ya kutikisika."

"Kiti ya mugeni njo inainama hivi? Si atateleza!"

Walicheka, naye akacheka nao. Baada ya zege kukauka tulisimamisha kibanda cha mbao chenye paa la mabati la kusukuma, nami nikamimina sakafu, nikaibana barabara na nguzo, na hapo mwalimu hakuwapo.

Juma la pili alipandisha bomba juu ya nguzo. Akaitafuta nyota moja kubwa ya jioni, akaweka jicho, akaniambia nitembee.

"Piga hatua, fundi. Tena. Tena moja." Akaondoa jicho kwenye bomba. "Fundi, kila unapokanyaga, hii nyota inacheza rumba."

"Ni upepo."

"Upepo haivaake viatu. Weye uliunganisha sakafu na nguzo. Nilikuambia nini?"

Nilikuwa na nywele nyeupe tayari, na sikuwa nimekosolewa kazi tangu baba afe. Lakini nilipoweka jicho langu naye akatembea, niliona mwenyewe. Kesho yake nilichukua tindo na nyundo, nikachonga sakafu kuizunguka nguzo yote, mwanya wa upana wa kidole, hadi nguzo ikasimama peke yake kama jino. Ilinichukua siku mbili kuondoa nilichokifunga kwa saa moja. Tangu hapo ungeweza kuruka sakafuni na nyota isitikisike. Mwalimu alinionyesha nyota ile ina vinyota vinne pembeni yake, vimepangwa kama watoto wanaosubiri chakula. Kila jioni yenye anga safi alivichora katika daftari, kwa kuwa havikukaa mahali pamoja. Watu wa mtaa walikuja kutazama kwa zamu. Bibi yako hakuja.

Vita vya pili vikaingia. Sitakueleza nani alipigana na nani, soma kwingine. Mji ulikuwa na wenye kuutawala, na hao walikuwa na hofu na kila kitu. Mtu mmoja, sijui nani, aliwaambia kwamba nyuma ya nyumba ya mwalimu kuna chuma kinachotazama ziwa. Walifika asubuhi, mkubwa wao na askari kama wanane.

Mwanzo wake sikuwapo. Nilielezwa na majirani baadaye. Waliingia kibandani, wakaliona bomba. Wakauona mteremko wa nguzo umeelekea kusini, ambako boti hutokea, wakasema hiki ni kiti cha mzinga. Wakaona mwanya kuizunguka nguzo, wakasema hiki kinafunguka, chini yake kuna shimo la silaha. Mwalimu hakutetemeka. Alimkaribisha mkubwa wao aweke jicho, akamwelekezea mlimani. Mkubwa akatazama.

"Kilima imepinduka!" akasema. "Miti iko na miguu juu!"

Askari wakagombania kutazama. Wakacheka. Mmoja alidai ameona mbuzi akitembea angani. Waliokuwapo wanasema walidhani mambo yameisha. Lakini mkubwa alirudisha jicho kwenye ule mwanya wa sakafu.

"Sawa, mwalimu. Bomba ni ya kuangalia. Na hii shimo?"

"Si shimo, mukubwa. Ni nafasi, ju nguzo isitikisike."

"Kama ndani haina kintu, haitakuuma tukiivunja. Mulete masoni."

Mwashi wa karibu nilikuwa mimi.

Askari wawili walinikuta nikifunga kiatu. Waliposema nichukue nyundo kubwa twende kwa mwalimu, mikono yangu ilijua kabla ya kichwa. Bibi yako alikuwa mlangoni. Aliniletea nyundo mwenyewe.

Nilipoingia uani, mwalimu alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao, askari mmoja nyuma yake, na bomba lilikuwa limeshushwa chini. Binti yake alisimama kando ya sufuria za ndagala ambazo hakuzipeleka sokoni siku ile. Mwalimu aliponiona, uso ulimfunguka.

"Fundi, piga tu," alisema kwa sauti ndogo, ambayo mkubwa kibandani hakuisikia. "Usiogope. Ikiisha, utanijengea ingine. Ile ya kwanza ulinikosea, ya pili utaipata."

Hakujua. Alinitia moyo, kwa kuwa alijua hakuna kitu ndani, na alifikiri mimi nahuzunikia kazi yangu.

Nilijua mahali pa kila mtutu kama ninavyojua meno yangu. Nilianza kwenye pembe, pale zege lilipokuwa nene, nikapiga kwa ubavu wa nyundo, ili vipande vidogo vitoke na sura ya kazi ionekane. Nikipiga, nilikuwa nikihesabu: hapa vidole vinne, hapa vitatu. Niliomba wachoke. Jua lilipanda. Binti wa mwalimu aliniletea maji, nikanywa.

"Masoni," mkubwa alisema, "hiyo ni mutoto yako? Mbona unaibembeleza?"

"Ni ngumu, mukubwa. Simenti ilikuwa nzuri."

"Lete hapa." Akampa nyundo kijana wake mmoja, mwenye mabega mapana. Kijana hakujua zege, na kwa sababu hakulijua, alipiga shingoni, pale mteremko ulipoanza, mahali ambapo mwashi asingepiga. Mara ya tatu kichwa cha nguzo kilikatika, kikaanguka upande wa pili pamoja na bulo zake tatu, vile vyuma vya kushikia darubini. Juu ya kisiki ukajitokeza mdomo wa chuma.

Mtutu uliojaa zege ni bomba tu. Ningeweza kusema ni bomba la maji. Lakini kwenye ncha ya mtutu wa bunduki kuna kile kidude kilichosimama, ambacho mwenye kupiga shabaha hukilinganisha na jicho. Sikukikata. Nilikuwa na msumeno wa chuma nyumbani, na nilifikiri zege litafunika. Kila askari aliyekuwapo alikitambua kabla hajapumua. Bunduki zao zikainuka.

Mwalimu alisimama. Alitazama kile chuma, kisha akanitazama mimi. Hapo alielewa. Alinitazama kwa muda ambao mtu angeweza kuvuta maji ndoo moja kisimani.

"Nani alijenga hii?" mkubwa aliuliza.

"Minye njo nilijenga," mwalimu alisema.

Mkubwa alimshika mkono, akaugeuza, akakikagua kiganja. "Na hii mikono ya chaki?" Akaniangalia. "Weye. Unafanyaka kazi hapa Kasenga siku zote. Unajua nani alijenga?"

Mjukuu wangu, andika polepole hapa.

Nilikuwa na watoto watano. Bibi yako alikuwa nyumbani. Nilikuwa na mjomba Runingu. Hayo yote niliyafikiria baadaye, nilipokuwa nikitafuta la kujitetea. Wakati ule sikufikiria kitu. Mdomo ulifunguka wenyewe ukasema:

"Sijui, mukubwa. Minye najengaka nyumba tu."

Mwalimu aliinamisha kichwa, kama anavyofanya mtu aliyepata jibu la hesabu na kuliona ni lile lile alilolitarajia. Hakunitaja, wala binti yake hakunitaja, ingawa alijua nani alijenga. Aliomba miwani yake ya kusomea, wakamkatalia. Binti alishika shati la baba yake, akasukumwa akaangukia sufuria, na ndagala zikamwagika uani. Walimpeleka kwa miguu, njia ya barabara kubwa. Bomba walilifunga kwa kamba, wakalibeba begani watu wawili. Hata leo sijui lilikoishia. Daftari la vinyota nalo walilichukua. Mimi niliamriwa kutoa mitutu iliyobaki. Niliitoa yote saba, kwa uangalifu, na mkubwa akanipa sigara.

Nyumbani nilimweleza bibi yako. Aliandaa chakula, akaketi, hakula. Siku ya pili akafanya vile vile. Jioni ya siku hiyo aliniambia neno moja tu:

"Wende."

Niliondoka siku ya tatu asubuhi. Nataka isomeke wazi: siku mbili nzima nilikaa nyumbani nikiwa mzima wa miguu na ulimi. Kwenye kambi yao kulikuwa na kamba iliyovutwa njiani, na askari aliyekuwa akila muwa.

"Natafuta mukubwa," nikamwambia. "Ni ju ya ile mambo ya mwalimu."

"Ule wa bomba? Balimupeleka jana."

"Wapi?"

Alielekeza uwandani kwa kidevu, akatema makapi ya muwa.

"Hakufanya kintu," nilisema. "Njo minye nilitia zile vyuma. Minye niko masoni. Yeye hakujua."

Askari alinitazama kwa mara ya kwanza. Hakukasirika.

"Muzee, kila siku muntu anakuja hapa kusema njo yeye. Bamama. Bandugu. Jana mama moja alisema njo yeye alitupa gurunedi, na hawezi hata kuinua mukono. Weye uko nani yake?"

"Fundi wake."

"Fundi!" Akacheka, akawaita wenzake wasikie. "Hata fundi anataka kumufia! Rudi kwako, muzee. Hapa hatuna ukuta ya kujenga."

Nilirudi. Ukweli nilikuwa nimeuchukua mpaka kwenye kamba yao, na haukumfaa mtu. Kama ningeusema uani, siku ile, mdomo wa bunduki ukiwa wazi na nyundo yangu bado ina vumbi, wangeuamini. Siku ya tatu ulikuwa huruma ya mzee mmoja.

Mwalimu hakurudi. Maiti yake haikuonekana. Walioenda uwandani kutafuta ndugu zao walirudi na habari za wengine.

Wiki chache baadaye binti yake alikuja hapa nyumbani. Alikaa pale ulipokaa wewe sasa. Aliniuliza, bila hasira, "Baba, siku mulijenga, uliona nani analeta zile vyuma?" Nilimjibu kwamba vyuma vilikuwa tayari nilipofika. Yaani nilimwambia binti wa mtu kwamba baba yake alificha silaha. Aliitikia kwa kichwa, akaaga, akaenda. Amekaa na neno hilo miaka yote hii. Wako watu mtaani wanaosema mwalimu alikuwa na mambo yake, na neno hilo lilitoka kinywani mwangu.

Hakuhama. Kisiki hakuking'oa, juu yake huegemeza trei za kuanikia ndagala, kwa sababu paka hawafiki. Bibi yako alipofariki, alileta samaki wa matanga, makapu mawili, na kila msimu unapoanza bado ananiletea sahani ya kwanza. Nimekula. Sikuwahi kuikataa, kwa kuwa kuikataa kungetaka maelezo.

Sasa sikiliza, haya ndiyo ya kutunza.

Andika nakala mbili. Moja utaificha katika sanduku lako, si langu, kwa kuwa langu litafunguliwa na wajomba zako, nao watataka kuichoma kwa ajili ya heshima ya ukoo. Ya pili mpelekee binti wa mwalimu. Usimwachie mlangoni. Muombe aketi, umsomee kwa sauti mpaka mwisho, na usiruke mahali nilipoulizwa nikasema sijui, wala mahali alipokuja kwangu nikamdanganya. Akikufukuza, ondoka. Akikupiga, vumilia. Akitaka kuja kwangu, mlete, sitajificha. Akitaka nakala hiyo isomwe mbele ya watu wa mtaa, wewe ndiwe utakayeisoma, na mimi nitakuwapo nimeketi mbele, kama bado napumua.

Mwiko na timazi ni vyako, vitumie. Nyundo kubwa usimpe mtu. Itunze mpaka binti wa mwalimu aseme anataka ifanyiwe nini. Na akileta sahani ya ndagala kabla hujamsomea, usiipokee. Mwambie babu amesema kwanza asikilize.

Nenda kesho asubuhi, mapema. Akishafika sokoni hurudi akiwa amechoka, na habari hii haifai kusomewa mtu aliyechoka.